Kipima umbali cha kuwindia: usilipie namba iliyoandikwa kwenye boksi

Ndugu zetu walioko Marekani, hasa mlioko Texas na majimbo ya katikati, msimu wa kulungu ukikaribia swali linalotufikia huwa ni lile lile: jamaa wa kazini wamenialika kuwinda, wameniambia ninunue kipima umbali cha leza, dukani kipo cha dola 80 na kipo cha dola 400, nichukue kipi? Leo tulifanyie hesabu swali hili, maana dola 320 zinazobaki katikati hapo ni ada ya shule ya mtoto nyumbani, au mifuko kadhaa ya saruji kwenye kile kiwanja kinachokusubiri.

Somo hili ni la walioko Marekani. Wenzetu wa Uingereza mjue kuwa kuwinda kwa upinde huko ni kosa la jinai. Na mwenye mpango wa kununua kifaa hiki apeleke Kenya akawindie, asijisumbue: uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977.

Kabla ya leza, mambo mawili

La kwanza ni karatasi zako. Kipima umbali chenyewe hakihitaji kibali, kinauzwa kama darubini. Tatizo ni bunduki inayokwenda nacho. Kwa sheria ya shirikisho, mtu aliyeko Marekani bila hadhi halali ya uhamiaji haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, na hata kuishika ya rafiki porini kunaweza kuhesabiwa ni kuwa nayo. Mwenye viza ya muda, iwe ya kazi au ya masomo, naye amekatazwa, isipokuwa ana mojawapo ya ruhusa chache zilizotajwa kwenye sheria, na mojawapo ni leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Mwenye grini kadi ambaye hana kizuizi kingine yuko salama upande huo. Hatuandiki haya kumtisha mtu. Kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha mtu nchini, na hakuna nyama ya bure inayolipa hasara hiyo. Hadhi yako ikiwa na utata, muulize wakili wa uhamiaji kwanza, na jamaa wakikupa bunduki "ushike kidogo tu", kataa kwa heshima. Upinde si bunduki kwa sheria hiyo ya shirikisho, ndiyo maana wengi wetu wanaanzia huko.

La pili ni gharama nyingine. Tuchukue Texas kwa mfano. Leseni ya kuwinda kwa mkaazi wa jimbo imekuwa dola 25, na ukitumia upinde unaongeza dola 7. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa apite mafunzo ya uwindaji. Ardhi karibu yote ya Texas ni ya watu binafsi, kwa hiyo kama hujaalikwa shambani kwa mtu, kibali cha mwaka cha kuwinda kwenye maeneo ya umma kimekuwa dola 48. Hapo una dola 80, na bado hujanunua mshale. Ukimpelekea mchinjaji akukatie na kukufungia nyama, weka dola 100 na zaidi. Kulungu mdogo wa Texas wa kilo 45 akiwa mzima atakupa nyama isiyo na mfupa kama kilo 16 hadi 18. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nyama hiyo si rahisi kuliko ya dukani, urahisi unakuja mwaka wa pili na wa tatu, pale ambapo vifaa umeshavilipa na kisu cha kukatia unakijua mwenyewe. Kwa hiyo kila kifaa unachokinunua kwa bei ya juu kuliko hitaji lako kinausogeza mbele mwaka ule ambao nyama itaanza kukulipa.

Namba kubwa kwenye boksi ina maana gani

Kipima umbali kinarusha mwale wa leza usioonekana kwa macho, unagonga kitu na kurudi, na kifaa kinapima muda uliotumika. Mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi umbali wa yadi 40 (kama mita 36 na nusu) kunachukua sehemu 244 tu za bilioni moja ya sekunde. Saa yenye uwezo wa kuhesabu hivyo siku hizi ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana hata kifaa cha bei ya chini hukupa jibu linalokaribia kwa yadi moja.

Tofauti ya bei inatoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye umbali wa mwisho. Boksi likiandikwa 1000, maana yake ni yadi 1000 kwenye kitu kinachong'aa, mfano kibao cha barabarani. Kulungu hang'ai. Ana manyoya ya kahawia, laini, yanayomeza mwanga. Geuza boksi, soma maandishi madogo: mara nyingi utakuta namba tatu, ya kitu kinachong'aa, ya mti na ya kulungu. Hiyo ya tatu ndiyo yako, na kwa kawaida ni nusu ya ile kubwa au chini yake. Kama boksi halina namba ya kulungu kabisa, chukulia ni theluthi ya ile kubwa, na kama hiyo haikutoshi usinunue.

Sasa swali la msingi: wewe unapiga umbali gani?

Mtu wa upinde

Mtu wa upinde wa kisasa wa magurudumu, anayejifunza, hapigi zaidi ya yadi 40, na wengi wanaishia 30. Kifaa cha chini kabisa sokoni kinapima kulungu wa yadi 40 bila shida. Kwa hiyo kumlipia namba 1000 au 2000 mtu wa upinde ni sawa na kukodi lori la tani kumi kubebea gunia moja la mchele.

Lakini msituelewe vibaya, mtu wa upinde ndiye anayekihitaji kifaa hiki kuliko mwenzake wa bunduki. Mshale ni mzito na uko taratibu. Ukitoka kwa kasi ya futi 280 kwa sekunde unaanguka haraka, ndiyo maana kwenye upinde kuna pini: ya yadi 20, ya 30, ya 40. Ukikadiria kwa macho kuwa kulungu yuko yadi 35 kumbe yuko 40, mshale utapita chini ya ulipolenga kwa kama sentimita 11. Ukikadiria 40 kumbe ni 35, utapita juu kwa kama sentimita 10. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimita 20 hadi 25, ukilenga katikati una nafasi ya sentimita 10 hadi 12 tu kila upande. Yaani kosa la hatua tano kwa macho linatosha kumjeruhi mnyama, akakimbia msituni na kufa usiku pasipo mtu. Nyama imepotea, mshale umepotea, siku ya mapumziko imepotea. Kwa wenzetu Waislamu ambao wanataja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuachia mshale, kumkuta mnyama mapema baada ya kumpiga ni jambo la kidini pia, kwa hiyo kipimo sahihi kina uzito zaidi. Maelezo ya kina ya hukumu zake muulizeni sheikh wenu, sisi ni watu wa hesabu.

Muuzaji atakuambia mtu wa upinde lazima awe na kifaa kinachorekebisha pembe, kwa sababu unakaa juu ya ulingo mtini na unapiga kuelekea chini. Tuliangalie hilo kwa kalamu. Ulingo wa futi 20, kulungu yuko yadi 20 kutoka shina la mti. Umbali wa mstari kutoka jichoni mwako hadi kwa mnyama unatoka yadi 21. Tofauti ni yadi moja! Kwenye ardhi tambarare, marekebisho ya pembe hayakupi kitu cha kulipia dola 60 za ziada.

Milimani ni habari nyingine. Ukiwa kwenye mteremko wa nyuzi 30 na leza ikasoma yadi 40, umbali unaotakiwa kuutumia ni ule wa mlalo, yadi 35 kasoro kidogo. Ukitumia pini ya 40, umeshaona hapo juu mshale utakwenda wapi. Kwa hiyo walioko Colorado au Idaho na wanaopanda milima walipie marekebisho ya pembe bila kusita. Aliyeko tambarare za Kansas au mashariki mwa Texas aangalie: kikija ndani ya bei ile ile, vizuri, kisipokuja asiongeze pesa.

Yapo majimbo pia yanayokataza kufunga kifaa chochote cha umeme kwenye upinde wenyewe. Cha kushika mkononi hakina mgogoro huo, na ndicho cha bei nafuu. Hata hivyo kitabu cha kanuni cha jimbo lako kinatolewa bure kila mwaka, kisome.

Mtu wa bunduki

Hapa ndipo tunapowashangaza wengi. Kama unawinda msituni, ambako huoni zaidi ya yadi 150 kwa sababu ya miti, huhitaji kipima umbali. Bunduki ya kawaida ya kulungu, mfano ya risasi za .308 au .30-06, ikirekebishwa ilenge sawasawa kwenye yadi 200, risasi yake katikati ya safari inapanda kama sentimita 5 tu juu ya mstari. Kuanzia puani mwa bunduki hadi yadi 200 unalenga pale pale. Leza ya nini? Weka dola zako kwenye risasi za mazoezi.

Mambo yanabadilika ukipita 200. Bunduki hiyo hiyo, kwenye yadi 300, risasi imeshaanguka karibu sentimita 20, na kwa macho hakuna mtu anayetofautisha 240 na 300 kwenye uwanda wazi, hasa asubuhi yenye ukungu. Wanaowinda kwenye mashamba ya wazi magharibi mwa Texas, Oklahoma au Wyoming wanakihitaji. Hao watafute kifaa ambacho namba yake ya kulungu ni 400 au zaidi, ambacho kwa kawaida boksi lake limeandikwa 800 hadi 1000. Zaidi ya hapo unalipia umbali ambao wewe mwenyewe, kwa uzoefu ulio nao, hupaswi kupiga.

Mtego wa kifaa cha gofu

Ukitafuta mtandaoni kwa bei ya chini, vingi utakavyoona ni vya gofu. Vinafanana mno. Tofauti iko ndani. Kifaa cha gofu kimeundwa kushika kitu kilicho karibu zaidi, yaani bendera, na kupuuza miti ya nyuma. Cha kuwindia kinatakiwa kufanya kinyume: kupuuza majani na matawi ya mbele na kusoma mnyama aliye nyuma yake. Ukiwa na cha gofu kwenye kichaka utapima tawi.

Kibaya zaidi ni marekebisho yake ya mteremko. Mcheza gofu akipiga kupanda mlima anahitaji nguvu zaidi, kwa hiyo kifaa kinaongeza yadi. Kwa mshale na risasi, iwe unapanda au unashuka, umbali wa kutumia unapungua. Ina maana kifaa cha gofu kikikuelekeza kupanda kinakupeleka upande usio sahihi kabisa. Kama tayari unacho na ulipewa, zima sehemu hiyo ya mteremko, kitumie mahali pa wazi, kitakufaa. Kukinunua kipya kwa ajili ya kuwinda, hapana.

Kitu kimoja kinachostahili pesa

Kama una dola 40 za kuongeza, usiongeze umbali, ongeza maandishi yanayowaka. Vifaa vya bei ya chini vina maandishi meusi ndani ya lenzi. Mchana yanasomeka vizuri. Kulungu hutembea alfajiri na magharibi, giza likiwa linaingia, na maandishi meusi juu ya manyoya ya kahawia kwenye kivuli hayaonekani. Utabonyeza, namba itakuja, hutaisoma. Vyenye maandishi mekundu au ya kuwaka vinasomeka saa hizo. Kwa maoni yetu hii ndiyo tofauti ya kweli kati ya kifaa cha dola 80 na cha dola 150.

Ukuzaji wa mara 6 unatosha watu wote. Kuhusu betri, vingi vinatumia ile fupi ya CR2. Nunua moja ya akiba, maana duka la kijijini huenda lisiwe nayo. Vya kuchaji kwa waya wa simu vipo pia, ni suala la mazoea.

Bei na namna ya kulipa

Kwa ufupi soko limekaa hivi: dola 60 hadi 100 ni vya kuanzia, dola 150 hadi 200 ni vya kati vya kampuni zinazojulikana kama Bushnell au Vortex, na kuanzia 400 unaingia kwenye mambo ya watu wanaopiga mbali. Darubini zenye leza ndani zinapita 1000. Mtu wa upinde wa tambarare anatosheka na la kwanza, akiweza kupata lenye maandishi ya kuwaka. Mtu wa milimani na mtu wa bunduki wa uwanda wazi wachukue la kati. La tatu hatuoni msomaji wetu wa kulichukua.

Kifaa cha dola 150 ukikitumia misimu mitano ni dola 30 kwa mwaka. Hiyo ni gharama ya kueleweka, ilipe kwa pesa ya ovataimu iliyokwisha kuingia mkononi, baada ya pesa ya nyumbani kwenda. Tatizo ni kadi. Dola 400 kwenye kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ukilipa dola 25 kila mwezi, utamaliza baada ya miezi 20 hivi na utakuwa umetoa karibu dola 487. Dola 87 umezigawa bure. Leseni ya Texas ya dola 25 ungeilipa miaka mitatu na chenji ikabaki.

Vilivyotumika ni njia nzuri, maana wawindaji wengi wa huko hubadilisha vifaa kila baada ya misimu michache na kuuza cha zamani kikiwa kizima. Muulize muuzaji kama waranti inafuata kifaa au inamfuata mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, maana kampuni zinatofautiana. Usikubali kutuma pesa kwa mtu usiyemwona. Kutaneni mchana, mahali pa watu, na ukipime.

Kukipima hakuhitaji utaalamu. Nenda uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa shule ya jirani wakati hauna watu: kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli ni yadi 100 kamili, na mistari ya katikati inakupa 20, 30 na 40. Mwambie mwenzako asimame kwenye mstari akiwa amevaa koti jeusi au la kahawia lisilong'aa, pima mara kumi. Kikitoka nje ya yadi moja au mbili mara kwa mara, kirudishe. Rudia zoezi jua likizama uone kama namba inasomeka. Kwa kifaa kipya fanya hivyo siku chache za mwanzo, kabla muda wa kurudisha dukani haujapita, na boksi usilitupe.

Je, kitasaidia na kazini?

Mafundi wa ujenzi wanatuuliza hili, na ni swali la akili, kwa sababu chombo kinachofanya kazi mbili kinajilipa haraka. Jibu ni hapana. Kosa la yadi moja porini si kitu, lakini huwezi kukata bomba wala kupanga ukuta kwa kosa la sentimita 91. Cha kazini ni kipimio cha leza cha ndani ya nyumba, kile chenye doa jekundu, ambacho kinapima hadi mita 20, 30 au 50 kwa kosa la milimita mbili hivi, na unakipata kwa kama dola 50. Nacho hakiwezi kwenda porini, doa lake linapotea juani. Fundi mwenye uwezo wa kununua kimoja tu mwaka huu anunue hicho cha kazini kwanza, na mwaliko wa jamaa aende nao na leseni yake, aombe apewe nafasi ya yadi 20, akapime kwa hatua kutoka kwenye ulingo kabla hapajapambazuka na kuweka kijiti cha alama pale zinapoishia.